Unga wa Mtu Mmoja

Siku Moza binti Talal alipoingia mashineni kwa Radjabu, Radjabu alijua kabla msichana hajafungua mdomo kwamba amekuja kuomba. Mtu wa kununua huangalia mizani. Mtu wa kuomba humwangalia mwenye mizani usoni, tena kwa tabasamu. Moza alitabasamu.

Mwaka tisini na nne ulikuwa unaishia, na Burundi ilikuwa vitani. Mashine ya kusaga ya Radjabu ilikuwa mtaa wa Jabe, uchochoro wa tatu kutoka sokoni, na ilikuwa imeanza kupungukiwa na wateja kwa sababu moja tu: nusu ya wateja wake walikuwa wamama wa Nyakabiga, na kati ya Nyakabiga na Jabe vijana walikuwa wameweka bariyeri, mapipa mawili na gogo, wakikaa hapo na fimbo zao na vitu vingine ambavyo havikuwa fimbo. Mji ulikuwa umejigawa. Kule Kamenge na Kinama walikuwa wamefukuzwa Watutsi; Nyakabiga walikuwa wamefukuzwa Wahutu. Jabe ilibaki katikati, imechanganyika, ikisubiri zamu yake.

"Salama aleikum, mzee Radjabu."

"Aleikum salam. Baba yako iko namna gani?"

"Iko muzima. Anakusalimia."

"Apana, hanisalimii," Radjabu akasema. "Talal hajui hata kama niko hai. Sema shida yako, mwana wangu, mashine inaunguza mafuta ya mazutu."

Hakusema hivyo kwa chuki. Ujanani alibeba magunia katika duka la Talal, mtaa wa Asiatique, miaka tisa, akalala juu ya magunia hayo hayo, na Talal hakuwahi kumwita kwa jina, alimwita "we". Radjabu alitoka pale na akiba, na kitu kimoja zaidi: alijifunza kwa kumtazama tajiri yule kwamba anayetaja haja yake kwanza ndiye anayelipa. Sheria hiyo ilimnunulia mashine, nyumba ya matofali, na wake wawili kwa zamu.

Moza alieleza. Alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, akisomea kazi za jamii. Chuo chao hakikumpa mtu diploma bila staji, yaani miezi kadhaa ya kuhudumia mtaa, na bila memwari, kile kitabu kinachoandikwa juu ya kazi hiyo na kutetewa mbele ya maprofesa. Yeye alikuwa amepangiwa Jabe na Nyakabiga. Watu walipoitwa kuunda kamati ya ujirani ya kusaidia wenye njaa, wa huku walikataa prezidanti wa kule, wa kule wakamkataa wa huku, mwisho wakageuka wote wakamtazama msichana wa chuo aliyekuwa anaandika majina. We si wa huku wala wa kule, wakamwambia. We ni Mwarabu, ukae juu ya kiti. Akakaa. Alikuwa na miaka ishirini na tatu.

"Wafadhili wametupa mahindi," akasema. "Wafanyabiashara wa Asiatique wameongeza. Tunatafuta mutu wa kutusagia bure."

"Bure ni nani?" Radjabu akauliza. "Mi simujui huyo."

Moza akacheka, na hapo ndipo alipoacha kutabasamu na kuangalia mizani. "Basi mzee unataka nini?"

Radjabu alifuta unga kwenye mkono, akamwacha msichana atafute mwenyewe.

"Unataka wamama wa Nyakabiga," Moza akasema.

"Nani hataki wamama?"

"Nikiongea na vijana, wakawaachia wapite kuja kusaga. Jumanne na Ijumaa."

"Ijumaa ni swala. Jumanne na Jumamosi."

"Jumanne na Jumamosi. Na wewe unasaga mahindi ya kamati."

"Robo yake."

"Yote."

"Nusu, na mazutu mnaleta ninyi."

"Yote, na mazutu tunaleta nusu. Mzee, mi nikitoka hapa naenda kwa mashine ya Buyenzi, wale watafurahi na hao wamama."

Radjabu alimtazama vizuri. Talal huyu huyu, alifikiri, ila amevaa ushungi. Wakapeana mkono.

Na msichana alitimiza. Hilo Radjabu alikuwa tayari kumshuhudia popote. Alikwenda bariyerini yeye na Térence, mwalimu mstaafu aliyewakilisha Nyakabiga katika kamati na ambaye mpwa wake ndiye aliyekuwa mkubwa wa vijana wale. Walizungumza asubuhi nzima. Jumanne iliyofuata wamama walishuka kwa mstari na mabeseni kichwani, na mashine ikaimba tena. Moza alikuwa anatoka darasani mchana na kuja moja kwa moja, viatu vya chuo vikiwa vyeupe kwa unga, anapatanisha ugomvi wa foleni, anaandikia wazee barua, anamfokea mtu mzima aliyepita mbele ya mwingine. Siku za mji kufa, wakati maduka yote yamefungwa na hata mbwa hawaonekani barabarani, alipita peke yake akiwa na kitambaa cheupe mkononi kwenda kuuliza nani hajala. Watu walianza kumwita Prezidanti, mwanzo kwa utani, halafu utani ukaisha.

Miongoni mwa wamama wale alikuwamo Marguerite, mjane wa karani, mwanamke mrefu mkavu, mwenye nyumba yake Nyakabiga hatua chache kutoka bariyerini. Yeye mwenyewe hakuwa na matatizo pale, alikuwa wa upande uliotakiwa. Aliishi peke yake; mtaa wote ulijua. Zamani alikuwa na mpangaji chumba cha uani, Népomuscène, fundi wa mashine ya Radjabu tangu siku iliposhushwa kwenye lori. Fundi yule alikuwa anaisikiliza moteri kama daktari anavyosikiliza kifua. Nyumba za Wahutu zilipoanza kumwagwa nje, Népomuscène na mkewe na watoto walitoweka, na Radjabu aliambiwa amevuka mpaka kwenda Uvira. Tangu hapo mashine ilikohoa. Mafundi wengine waliikaza palipotakiwa kulegezwa.

Sasa, mwenye mashine hujua midomo ya kila nyumba bila kuuliza. Marguerite alileta mahindi kidogo, ya mtu mmoja, Jumanne. Jumamosi akaleta tena ya mtu mmoja. Mtu mmoja hali hivyo. Na alikuwa anaomba pumba za kuku, mfuko mzima wa pumba, na Radjabu alikuwa na hakika kwamba bibi yule hafugi hata kifaranga.

Januari, pompu ya mazutu ilipokufa na mafundi wawili wakashindwa, aliifunga katika kitambaa akaizika ndani ya mfuko wa pumba wa Marguerite, akamkabidhi bila kumtazama. Jumamosi Marguerite alipomwaga mahindi yake kwenye beseni la mashine, Radjabu alitia mkono kwanza kama anayeangalia iwapo yamekauka, akaigusa pompu. Imesafishwa, imepona.

"Mahindi mazuri haya, mama," akasema.

"Mungu akipenda, mzee," Marguerite akajibu.

Kuanzia siku hiyo, chini ya pumba za kuku pakawa na unga. Wala haikuwa sadaka. Radjabu hakuwa mtu wa sadaka nje ya Ramadhani. Ilikuwa mapatano: unga unakwenda, vyuma vinarudi vimepona, na vijana wa bariyeri hawana haja na pumba. Mapatano mazuri kuliko yote aliyowahi kuyafanya, kwa kuwa hakuna neno hata moja lililotumika. Ila alijua, kama alivyojua bei ya muhogo, kwamba nyumba ile ikionekana tu kuwa na watu zaidi ya mjane mmoja, waliomo ndani hawataona jua la pili.

Mwezi wa tano ikaja Idi kubwa.

Wafanyabiashara wa Asiatique walitoa ng'ombe, na Talal mwenyewe akatoa wawili, kwa ajili ya jina la binti yake. Kamati ikakutana uani kwa Radjabu, chini ya bati, kupanga. Moza alikuja na wazo lililomkaa kichwani tangu chuoni: kugawa kwa vichwa. Pasaka, kamati iligawa kwa nyumba, fungu moja kila mlango, na nyumba yenye watu kumi na wawili ikapata sawa na nyumba yenye wawili, watu wakarushiana mawe. Profesa wake alimwambia kwamba hilo ndilo swali la memwari yote: haki ni nini, mlango au mdomo?

"Mara hii tunahesabu midomo," akasema. "Na vijana wa bariyeri tunawapa sinia yao, kwa vichwa vyao, kama watu wengine. Wajione wako ndani ya mtaa, si juu yake."

"Vizuri sana," Térence akasema. "Hiyo ndiyo siasa."

"Mlango mmoja, sinia moja," Radjabu akasema.

Wote wakamgeukia.

"Kwa nini, mzee?"

Hapo sasa. Angesema nini? Térence alikuwa ameketi pale, miwani puani, na jioni angekula meza moja na mpwa wake. "Kuhesabu midomo ni kazi nyingi," Radjabu akasema. "Watu watadanganya. Mutu wa watatu atasema ni sita."

"Nitakwenda mi mwenyewe, nyumba kwa nyumba."

"Mi nasema mlango moja, sinia moja. La sivyo, musage kwingine."

"Haya basi, nipe sababu ya kweli," Moza akasema. "Ukinipa sababu, naacha."

Radjabu akamtazama Térence, akatazama mashine yake. Alifikiri haraka, kama alivyofikiri maisha yake yote. Kumvuta msichana pembeni baadaye? Siri ni mali. Ukimpa mtu wa pili, umeshaipunguza nusu, na huyu alikuwa anaandika kitabu. Tena akafikiri: Marguerite si mjinga. Atakapoulizwa atasema yuko mmoja. Mtu yeyote mwenye akili anapoulizwa ana kiasi gani hutaja kidogo.

"Fanya unavyotaka," akasema. "Ninyi ndio mumesoma."

Moza aliona ubahili. Akaumeza, akaendelea na kikao.

Alipofika kwa Marguerite, mjane alimpeleka jikoni, akafunga mlango. Alikuwa amemtazama msichana huyu miezi mitano. Na kule nyuma kulikuwa na watoto wanne waliokula ugali mkavu tangu Krismasi, ambao harufu ya Idi ya jirani ingewapita puani.

"Tuko saba," akasema.

Moza akamshika mikono. Alimwambia hataandika jina, hatamwambia mtu, hata kamati. Atahesabu mwenyewe kichwani. Na hakumwambia mtu. Neno lake lilikuwa zima.

Lakini alikuwa binti wa nyumba ya Talal. Katika nyumba zile, sinia ya Idi haiendi kwa kificho. Baada ya swala, wasichana huvaa vizuri, huweka masinia kichwani yamefunikwa kitambaa cheupe, hupita kwa mstari mchana kweupe, hupiga hodi, husema Idi mbaraka na kusubiri wajibiwe. Fungu linalopenyezwa mlango wa nyuma ni fungu la aibu. Kumpelekea mtu hivyo ni kumwambia kwamba hastahili kuonekana naye. Moza alikulia ndani ya jambo hilo kiasi kwamba hakuliona. Alifunika nyama kwa kitambaa, akaona amefunika kila kitu.

Walianza kwa vijana wa bariyeri, kwa heshima. Vichwa tisa. Waliishangilia sinia, wakaiinua kupima uzito, wakaiweka juu ya pipa na kuanza kuchoma nyama hapo hapo. Radjabu alikuwa amesimama upande wa Jabe na kanzu yake ya swala, akila haluwa, akaona uso wa mpwa wa Térence umejaa furaha ya kweli, ya kitoto. Pengine msichana ana haki, akafikiri.

Mstari ukaendelea. Nyumba ya kwanza, sinia ndogo. Ya pili, ndogo. Kisha msichana mmoja, Asiya, wa mtaa wa pili, akafika kwa Marguerite na sinia aliyolazimika kuinama nayo ili ipite mlangoni.

Vijana wakaacha kutafuna.

"Hee," mpwa wa Térence akasema. "Mama Marguerite amezaa lini?"

Wakacheka.

"Njaa ya wajane hiyo," mwingine akasema. "Inakula kwa watu saba."

"Ngoja." Mpwa wa Térence akageuka kuitazama sinia yao juu ya pipa, halafu akatazama mlango uliofungwa. Alikuwa anapima. Mtu yeyote angeona anapima. "Sisi ni tisa, tumepewa hii. Ile imekaribia yetu. Na yule binti hakosei, anahesabu kama benki."

Radjabu alikuwa ameshavuka bariyeri kabla hajajua kwamba amevuka. "Ile nyama ni yangu," akasema. "Mama anawapikia wafanyakazi wa mashine."

"Leo Idi, mzee. Mashine imefungwa. Wafanyakazi gani?"

Wawili walikuwa wameinuka tayari. Hawakuwa na haraka. Radjabu alimshika mpwa wa Térence kwenye kiwiko, akamvuta pembeni ya ukuta wa Marguerite, kama unavyomvuta muuzaji mbali na wateja wengine.

"Sikia, mwana wangu. Mi nataka fundi wangu tu."

Mpaka hapo walikuwa na sinia. Sasa walikuwa na mtu.

"Kumbe iko ndani," kijana akasema polepole.

"Népomuscène. Mutu moja. Mashine ikikufa, mama yako atasagia wapi? Mutakula nini hapa?"

"Moja?"

"Moja."

"Chukua moja, mzee. Fanya haraka."

Yeyote aliyewahi kununua kitu anajua maana yake pale muuzaji anapokubali neno la kwanza. Radjabu alijua pale pale, mkono ungali kwenye kiwiko cha kijana. Alitaka kurudi nyuma, amtaje na mke wa fundi, awataje na watoto, aombe wote kwa magunia ya unga hadi Ramadhani. Lakini kijana alikuwa ameshageuza mgongo na kuita wenzake, na mapatano yakishafungwa Burundi nzima inajua hayafunguliwi.

Alimtoa Népomuscène kwa nguvu. Fundi alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili. Radjabu alimbandua kidole kwa kidole. Barabarani walikutana na Moza akikimbia kutoka mwisho wa mtaa, ushungi mkononi.

"Mi ni prezidanti wa kamati!" alikuwa anawapigia kelele vijana. "Mumekula chakula chetu! Mumekula sasa hivi!"

"Rudi nyumbani, dada," mpwa wa Térence akamwambia, kwa adabu kabisa. "Kamati imefungwa."

Hawakumgusa. Ile hali yake ya kutokuwa wa huku wala wa kule ilifanya kazi mpaka mwisho. Ilimlinda yeye, na haikumlinda mwingine yeyote. Wale watano waliondolewa kwa mlango wa nyuma kuelekea mtoni. Marguerite alipigwa, akaachwa hai, kwa kuwa alikuwa wao.

Moza alikuja mashineni baada ya siku chache. Hakusalimia.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Toka lini?"

"Januari."

"Mbona hukuniambia? Nilikuuliza mbele ya watu wote. Nilikuambia nipe sababu."

"Mbele ya Térence? Na we mbona hukuniambia? Ulikwenda kuhesabu, ukaambiwa, ukanyamaza."

"Niliapa."

"Basi."

Walitazamana. Kila mmoja alikuwa amemficha mwenzake kitu kile kile, na kila mmoja kwa nia ya kukilinda.

"Kwa nini uliomba mmoja?" Moza akauliza.

"Ningeomba wote wangeninyima wote."

"Hujui."

"Sijui," Radjabu akakubali.

"Ungeanza na wote. We, mzee Radjabu! Mazutu tu tulibishana nusu saa."

Msichana aliondoka, na kamati haikukutana tena. Jumanne na Jumamosi zilibaki. Vijana waliziacha kwa sababu mama zao walihitaji unga.

Népomuscène alilala stoo nyuma ya magunia, akila alichopewa. Siku mashine iliposimama Radjabu akamwita. Fundi alikuja, akaisikiliza, akasema ugonjwa wake ni nini, kisha akafunga mikono kifuani.

"Basi itengeneze."

"Mzee, mi nilikuwa nyuma ya ukuta," Népomuscène akasema. "Nilisikia ukiongea. Mutu moja, ukasema. Mara mbili."

"Uko hai."

"Niko."

Wiki ile ile alivuka kwenda Uvira, safari hii kweli. Hakuchukua hata spana moja, nazo zilikuwa zake.

Memwari ilitetewa mwaka uliofuata. Moza alimwalika Radjabu. Jina la mashine lilikuwa katika shukrani na desturi ilitaka hivyo. Alikaa nyuma na kanzu yake kati ya wazazi waliovaa suti. Talal alikuwa mstari wa mbele na hakugeuka. Maprofesa walisifu sura ya ugawaji kwa vichwa, wakasema ni nadra kuona nadharia imeshushwa mtaani namna hii. Mmoja aliuliza kwa nini ugawaji ulikoma ghafla baada ya Idi.

"Kwa sababu za usalama," Moza akasema.

Maprofesa wakaitikia kwa vichwa. Mwaka ule kila kitu kilikoma kwa sababu za usalama. Walitoka nje, wakarudi, wakampa alama ya juu, distinksho kubwa, watu wakapiga makofi. Radjabu naye alipiga. Ameketi kati ya watu, angefanya nini? Alimwona msichana amesimama mbele, mikono ikining'inia, kama mtu aliyeuziwa kitu asichokiagiza.

Diploma ile ilimpa kazi Nairobi katika shirika kubwa, na watu wanasema aliifanya vizuri. Alirudi mwaka elfu mbili na nne, wakati vita vinaelekea kwisha, akiwa na gari jeupe, kuwahimiza watu wa mitaa waunde kamati tena kabla ya uchaguzi. Walimsikiliza vizuri pale Jabe, wakanywa soda zake. Alipouliza nani atajitolea, hakuna aliyeinua mkono. Radjabu alikuwapo. Yeye naye hakuinua.

Mashine ilipata fundi mwingine, na baadaye moteri ya umeme isiyohitaji masikio ya mtu. Muda wote wa vita mashine haikufungwa zaidi ya siku chache. Kwa hesabu za biashara, Radjabu alishinda. Hakuna mwenye mashine Jabe aliyetoka katika miaka ile akiwa na zaidi ya alichotoka nacho yeye.

Marguerite aliendelea kuja. Hakwenda kwa mashine nyingine, ingawa nyingine zilikuwa karibu naye zaidi, na Radjabu hakuwahi kuelewa kama ni kwa sababu ya mazoea au ni kwa makusudi. Jumanne tu, Jumamosi aliiacha. Haombi pumba. Anamwaga mahindi yake kwenye beseni, anasubiri bila kusema, na anataka alipe kama wengine. Siku moja Radjabu alimwongezea unga kidogo juu, bila neno, kama zamani. Marguerite aliutazama, akauchota kiasi kile kile alichoongezewa, akaurudisha kwenye mizani, akaondoka na unga wa mtu mmoja.